Neno Moja Bila Salamu

Vero mwanangu,

Umekwenda Balangdalalu kumuaga bibi yako, na najua hatakuruhusu uondoke kabla hujala, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Ukungu umeshuka kutoka mlima Hanang tangu asubuhi na haujapanda. Hapa mezani siioni hata migomba ya jirani. Nasikia tu ng'ombe wa baba yako, na mtu anayepita barabarani akiongea na simu, sauti inakuja halafu inazama. Nyumba imekaa kama imefungwa ndani ya pamba. Siku kama hizi ndizo zilizonipa marafiki ambao sijawahi kuwaona, na habari zao ndizo ninazotaka uende nazo.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga mlango nimeshakuambia, na mengine Dodoma yenyewe itakufundisha. Nataka kujibu lile swali uliloniuliza juzi shambani.

Ulikuwa umetuma kiraka chako cha kwanza, yale marekebisho ya programu huria uliyoyahangaikia likizo nzima. Mtu usiyemjua, wa nchi usiyowahi kufika, akakurudishia na maelezo marefu ya kila mstari uliokosea, bila hata kukuuliza habari yako. Ulifunga kompyuta, ukachukua jembe, ukaja kwenye maharage. Ukapalilia tuta zima. Halafu ukauliza, "Mama, wewe uliwezaje kukaa na watu wale miaka yote?"

Nikakujibu, "Tulizoeana."

Lilikuwa jibu la mtu aliyeshika jembe. Sasa nimekaa.

Nilipoanza, mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watu wengi hapa Katesh walikuwa wakisema wanatoka Arusha, kwa mazoea, halafu wanajisahihisha. Minara ya simu ilikuwa inasimama mmoja baada ya mwingine, na mtu alipanda kichuguu kutafuta mtandao huku ameinua mkono kama anayeomba mvua. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye kituo kidogo cha afya, njia ya kwenda Haydom, nikitunza mafaili ya wagonjwa. Wafadhili wakatuletea kompyuta kuukuu zenye programu ya kuandikisha wagonjwa. Fundi aliyekuja kuzifunga akaniambia kitu ambacho siku hiyo sikukielewa. Alisema programu ile ni huria. Haikuwa ya kampuni. Watu wa nchi mbalimbali wameiandika pamoja, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, anayetaka anausoma, anayeweza anaurekebisha, na kila mtu ana ruhusa ya kumpa jirani.

"Na mwenyewe ni nani?" nikamuuliza.

"Hana mwenyewe. Au tuseme hata wewe ni mwenyewe."

Nikacheka. Kwetu shamba lisilo na mwenyewe huliwa na ng'ombe.

Kilichonisogeza karibu ni jina la bibi yako. Alikuja kituoni mgongo ukimuuma, nikaandika Elizabeti Da'ano, na kompyuta ikaleta maneno mekundu ya Kiingereza ikagoma. Jina letu unalijua, lina ile alama ndogo katikati, pale koo linapojifunga kidogo kabla sauti haijaendelea. Nikajaribu tena. Ikakubali, lakini nilipomtafuta kesho yake hakuwepo. Nikagundua kwamba kila mtu mwenye alama ile kwenye jina alikuwa anapotea, na kwetu watu hao ni wengi. Wenzangu wakasema ondoa hiyo alama, jina litasomeka tu. Nikaiondoa. Bibi yako aliporudi nikamsomea jina lake kwenye kioo cha kompyuta.

"Basi mtibuni huyo mliyemwandika," akasema. "Mimi mgongo bado unaniuma."

Jumamosi nikaenda kwenye duka la intaneti pale stendi, nikaandika barua kwa kundi la watu waliokuwa wanaitengeneza programu. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari. Niliandika kwamba programu yenu inawapoteza watu wetu. Nilieleza habari za mama mkwe wangu, habari za koo linalojifunga, na nafikiri niliandika pia kwamba haya si haki. Wiki iliyofuata nikakuta majibu mafupi mafupi. Toleo gani? Ulibonyeza nini? Kwetu halitokei. Mmoja akasema niondoe alama.

Niliumia sana. Nilikaa miezi bila kufungua barua zile. Nilidhani wananidharau kwa sababu ya Kiingereza changu, kwa sababu ya mahali ninapotoka, kwa sababu ya kila kitu mtu anachoweza kujidhania akiwa peke yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimewaandikia kilio. Kilio kina haki yake, lakini mtu aliye mbali hawezi kukishika na kukirekebisha. Walitaka kujua nilipoweka mguu wa kwanza, wa pili, mpaka shimo lilipo.

Aliyenifahamisha hilo alikuwa mwanamke wa Ukraine. Nitamwita kwa jina lake la kwanza, Oksana, kama ulivyomzoea. Aliniandikia mimi peke yangu. Alisema kwao pia wana alama kama ile katikati ya maneno, kwa hiyo anajua jina linavyouma likikatwa. "Tulitafute pamoja," akaandika. "Niambie umebonyeza nini, halafu ukaona nini. Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichokiona."

Tukaanza. Mimi kila Jumamosi, baadaye hata kituoni baada ya kazi tulipopata mtandao. Wakati mwingine umeme unakatika katikati ya sentensi, na sentensi yangu inabaki imening'inia huko duniani mpaka wiki nyingine. Aliniambia dirishani kwake kuna theluji. Nikamwambia kwetu kuna ukungu na ngano inakaribia kuvunwa, na kwamba upepo ukipita juu ya ngano unaiona njia yake. Akasema hata kwao iko hivyo. Nilikuwa nikibonyeza kitufe hapa, na mtu aliyeko kwenye theluji anakiona nilichokibonyeza. Nilikuwa nikitembea kurudi nyumbani bila kuhisi njia. Baba yako alidhani ni uchovu.

Kosa lenyewe tulipolipata lilikuwa dogo la kuchekesha. Programu ilikuwa inaiona alama yetu na kudhani jina limeishia pale, na yanayofuata ni amri. Ilikuwa inatii sehemu ya mwisho ya jina la bibi yako. Mistari michache ya msimbo ikatosha. Oksana angeweza kuiandika yeye kwa muda wa kunywa chai, lakini alikataa. Alinifundisha mpaka nikaiandika mimi, na jina langu likaingia kwenye kumbukumbu za programu, Sesilia Da'ano, na alama yake. Toleo jipya lilipokuja nikaandika jina la bibi likakaa. Nikampelekea salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda mnadani. Jibu lake likaja na mtu yuleyule: "Sawa. Na mgongo?"

Baada ya hapo sikutoka tena. Nilianza kuitafsiri programu kwa Kiswahili, maana manesi wetu walikuwa wanabonyeza vitufe kwa kukariri mahali vilipo, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake. Wakajitokeza wengine, wa Kenya, wa Morogoro, wa visiwani. Kundi likaniomba niwe mtunzaji wa Kiswahili. Maana yake kila neno la Kiswahili litakaloingia linapita kwanza mikononi mwangu.

Wewe ulikuwa mdogo, nami nilikuwa nimeshapata kompyuta ya kufanyia kazi hapa nyumbani. Ulikuwa unakaa chini ya meza hii unaongea na miguu yangu. Hukujua neno kompyuta. Kitu chenyewe ulikiita Oksana. Umeme ukikatika ulikuwa unatoka nje na kuwatangazia watoto wa jirani, "Oksana amelala." Tulicheka sana. Lakini kuna siku baba yako aliingia kutoka shuleni anakofundisha, akavua viatu, akakaa, akasubiri. Mimi nilikuwa nataipu. Akasema polepole, "Mama Vero, umewasalimia watu wa Ulaya, umewasalimia watu wa Kenya. Mimi hujanisalimia." Nikamwambia ngoja kidogo. Hilo neno, ngoja kidogo, nimewaambia ninyi wawili mara nyingi kuliko majina yenu. Sitaki kulificha. Kazi ile ilikuwa nzuri, na nilikuwa nikiwanyang'anya ninyi muda wa kuifanya.

Sasa nije kwa Mzee Hamad.

Alijiunga na kundi letu kutoka Pemba. Kwenye barua pepe mtu hana mvi. Niliona jina tu na maneno mengi, mazuri, marefu. Akachukua tafsiri yangu, akaipitia yote, akatuma kiraka kikubwa kinachobadilisha mamia ya maneno. Palipokuwa na sehemu ya kuonyesha kwamba mgonjwa ameaga dunia, mimi nilikuwa nimeandika "Amekufa." Ni neno fupi, linaenea kwenye kitufe. Yeye akaweka "Amefariki." Nikaendelea kusoma kushuka chini, kila mahali amenigusa. Hapa silabi, hapa ngeli, hapa neno ambalo mimi nililijenga kwa shida yeye amelitoa tu mfukoni.

Unajua mimi Kiswahili nilikikuta shuleni. Nyumbani kwetu tulisema Kiiraqw, na mwalimu wa darasa la tatu, aliyepangwa kutoka pwani, alikuwa akinisimamisha niseme maneno ili darasa licheke jinsi yanavyotoka kooni. Nilipokuwa nasoma kile kiraka nilikuwa nimesimama tena pale mbele, sare yangu fupi, na madirisha yale yasiyo na vioo. Mzee Hamad hakucheka. Hakujua hata kama nipo. Lakini mimi nilisikia darasa zima.

Nikamjibu neno moja. "Haifai." Sikuweka salamu, wala sababu. Nikafunga, nikaenda kupika.

Hakujibu. Baada ya muda akaandika kwa kundi zima, kwa adabu kubwa, kwamba yeye na wenzake watatu wanachukua nakala ya programu na kuendelea na Kiswahili chao. Haukuwa wizi. Ndivyo uhuru wa programu hizi ulivyo. Mkishindwana, anayeondoka anaondoka na nakala nzima, na anayebaki anabaki na nzima. Ndugu wakigawana ng'ombe kila mmoja anapungukiwa. Hapa sikupungukiwa hata herufi. Nilipungukiwa watu tu, na watu hawaonekani kwenye kioo, kwa hiyo ilinichukua muda kuhisi baridi yake.

Kukawa na Kiswahili mara mbili. Vituo vingine vilichukua changu, vingine chao. Nesi aliyehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine anakuta vitufe vimebadilika majina. Kwenye kundi watu walinitetea, wengine wakamtetea yeye, na waliokuwa wanatetea zaidi ni wale wasiojua Kiswahili kabisa. Oksana peke yake ndiye aliyeniuliza, "Ulimwambia sababu?" Nikamjibu mambo mengi. Akarudia, "Ulimwambia?"

Sikumwambia. Nikaendelea. Kila toleo jipya lilipokuja nilikuwa natafsiri peke yangu, na waliokuwa wananisaidia wakapungua, maana nao walikuwa wamesoma lile neno na kila mmoja alijua siku yake itafika. Nilikuwa najivunia kwamba bila mimi Kiswahili kitakwama. Mwanangu, siku utakapojisikia hivyo kuhusu kitu chochote, ujue kimeshaanza kuanguka.

Kilianguka kweli. Unakumbuka nilipolazwa Haydom kwa typhoid, baba yako akawa anakuja na basi la asubuhi na kurudi na la jioni, nawe ukakaa kwa bibi. Nililala siku nyingi nikiwa nusu duniani. Nilikuwa naona vitufe vikielea juu ya neti, havina maneno, na mimi natafuta maneno ya kuviwekea na siyapati kwa lugha yoyote. Huku nyuma, kituoni kwetu toleo jipya likawekwa, na kwa kuwa sikuwa nimelitafsiri, Kiswahili chote kikatoweka. Manesi wakaamka asubuhi wakakuta Kiingereza. Foleni ya kliniki ya watoto ikafika mpaka barabarani.

Niliporudi kazini, nimekonda, suruali ya baba yako ingenitosha, nikawasha kompyuta nikitegemea aibu. Nikakuta Kiswahili. Kizuri, kimenyooka, na hakikuwa changu. Muuguzi wa zamu akaniambia kwamba alikuwa ameandika kwa kundi kuomba msaada, na mtu mmoja wa Pemba akampigia simu, akamwelekeza hatua kwa hatua mpaka ikakaa. "Mpole kweli," akasema. "Aliuliza hali yako kwanza. Alikuwa amesikia unaumwa."

Nikakaa na hiyo habari mpaka wagonjwa wakaisha. Kisha nikaomba ile namba, nikatoka nje kwenye kichuguu chetu cha mtandao, nikapiga.

"Shikamoo," nikasema kabla ya kitu kingine.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Sesilia Da'ano. Wa Manyara. Wa ile programu."

 Upande wa pili nikasikia kuku, na mtu anatwanga.

"Kumbe mwanamke?"

"Ndiyo, mzee."

"Jina lako kwetu halipo. Mie siku zote nikikuona kijana wa kiume, umevaa tai."

"Na mimi nilikuona kijana. Mwenye miwani ya jua."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia yeye ni muuguzi mstaafu, na kompyuta amefundishwa na wajukuu. Alikuwa mkubwa kuliko baba yangu mzazi. Nilisimama pale juu ya kichuguu. Mimi, niliyelelewa nisipite mbele ya mzee bila kuinama, nilikuwa nimemwandikia mzee neno moja na kwenda kupika.

"Nimepiga kuomba radhi kwa lile neno," nikasema.

"Lile neno lilikuwa jepesi, mwanangu. Ila lilikuja peke yake. Lingekuja na mwenzake, hata habari za asubuhi, ningelipokea tukakaa tukazungumza."

Nikamweleza habari za darasa la tatu. Sijui kwa nini. Sikuwa nimemweleza hata baba yako. Alisikiliza yote. Kisha naye akanieleza kwa nini aligombania "Amefariki." Alisema, "Nimefumba macho ya watu wengi wodini. Unapoandika, ndugu wanakuwa wamesimama nyuma yako. Neno la kwenye kitufe wanalisoma wao kwanza."

Sikuwa nimewaza hilo hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa pale mapokezi.

Kuyaunganisha matoleo mawili ilikuwa kazi ngumu kuliko kutengana. Kila neno ilibidi mmoja wetu aliache. Alikubali mengi yangu ambayo sikutegemea. Alisema ya bara yanaeleweka mbali zaidi. Tukapatana kwamba hakuna neno litakaloingia kwa jicho la mtu mmoja, na anayekataa kazi ya mwenzake ataandika sababu, na kabla ya sababu ataandika salamu. Watu wa lugha nyingine walitutania kwamba Waswahili nusu ya barua zao ni kujuliana hali. Baada ya muda nikaona baadhi yao nao wameanza. Yule aliyeniambia niondoe alama, siku moja aliniuliza kama mvua imenyesha.

Tulifanya kazi hivyo miaka. Nilijua sauti yake, kuku wake, saa zake za swala. Hatukuonana.

Alipofariki, habari aliileta binti yake kwenye kundi, mistari miwili. Wewe ulikuwa darasa la sita. Uliingia ukanikuta nalia mbele ya kompyuta ukauliza, "Mama unamlilia mtu wa kwenye kompyuta?"  Baba yako akajibu akiwa mlangoni: "Mama yako amefiwa. Kaweke maji ya chai."

Kisha akatoka. Sikujua anakwenda wapi. Nilibaki nasoma rambirambi zilizokuwa zinaingia moja moja, za lugha ambazo sizijui, kutoka nchi ambako ni asubuhi na nchi ambako ni usiku. Oksana aliandika kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza kwetu, maneno manne, ngeli zote zimekosewa, na hakuna aliyemsahihisha.

Jioni nikasikia hodi. Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisa walikuwa wamekuja, wamejifunga khanga, na sukari, na mmoja ana kuku kwapani. Baba yako alikuwa amepita nyumba kwa nyumba hapa mtaani kwetu Jorodom akisema mke wangu amefiwa. Wakakaa chini kwenye mkeka. Ukungu ulikuwa umeshuka kama leo, kila anayeingia anaanza kuwa kivuli halafu ndipo anapata sura.

"Pole sana, Mama Vero," akasema mwenyekiti wao. "Marehemu alikuwa nani yako?"

"Tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

"Pale kituoni?"

"Hapana. Alikuwa Pemba."

"Ulikuwa unakwenda Pemba?"

"Sijawahi kufika."

Wakatazamana. Nikaonyesha meza. "Hapa," nikasema. "Tulikuwa tunafanya kazi hapa."

Mwenyekiti akaitazama meza, kompyuta, kikombe changu. Nilidhani atacheka. Akauliza, "Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mzazi wangu."

"Basi tumwombee." Wakamwombea, Wakristo wa Hanang wakimwombea mzee Mwislamu wa Pemba, na jina lake likatoka kwa koo zetu hivihivi zilivyo. Wakalala hapa wawili. Asubuhi wakafagia uwanja, kama inavyofanyika msibani.

Wewe, mwanangu, umekulia katikati ya hayo, ndiyo maana nadhani utanielewa nikisema kwamba sijui kama nilikuwa naota miaka ile au ndiyo nilikuwa macho kuliko wakati wote. Lakini sitaki uende ukidhani ni ndoto tamu tu. Kuna watu waliniandikia kunitukana kwa sababu kitufe hakifanyi kazi, watu ambao hawajawahi kutoa hata herufi moja. Asante huja kwa nadra, lawama huja na kila basi. Kuna wazuri niliowaona wakichoka, wakanyamaza, na hakuna aliyewauliza hali, mpaka tukakuta kazi yao imekaa miezi bila mtu. Mimi mwenyewe nilifika mahali nikisikia mlio wa barua pepe naiacha kompyuta natoka nje. Nikawaambia wenzangu nimechoka. Nilitegemea kelele. Wawili wakasema tupe funguo, nikawapa mafunzo kidogo, nikatoka. Wiki ile ya kwanza nilikaa na baba yako barazani jioni na sikujua mikono niiweke wapi. Akaanza kunieleza habari za shule yake. Nyingi zilikuwa za miaka mingi nyuma. Alikuwa amezihifadhi.

Sasa kuhusu kiraka chako. Asubuhi ulipokuwa unaoga nimekifungua nikasoma, usinikasirikie. Huyo bwana asiyesalimia amesoma kila mstari wako. Najua jinsi macho yanavyouma kusoma kila mstari wa mtu mwingine. Mambo mengi amesema kweli. Mahali pamoja amekosea na wewe uko sahihi kabisa, na sikwambii ni wapi. Mwandikie. Anza wewe kumsalimia, hata kama kwao hawana desturi hiyo, kisha mweleze ulichokiona, hatua kwa hatua. Pale ulipo sahihi usiache kwa sababu tu yeye ana sauti ya mwenye nyumba. Ile nyumba ni yako pia. Na ukishapata madaraka ya kukataa kazi za wengine, maana utayapata, kumbuka kwamba upande wa pili kuna mtu, na huenda ni mkubwa wako, au mtoto aliyetoka shambani na udongo mikononi.

Naona ukungu unaanza kufunguka huku chini. Baba yako anakufungia sanduku kwa kamba, amelifungua na kulifunga tena mara nyingi mpaka nimemwachia. Nikimaliza hapa nitamwita tunywe chai kabla hujafika.

Najua utawapenda watu wale, Vero. Watakuomba mengi na wewe utatoa, umerithi kwetu sote wawili. Siku ukiona hulali, huli, na kila barua ni jiwe, waambie kweli kwamba umechoka, uache, upande basi uje nyumbani. Usiogope kwamba kazi itasimama. Watu wa kuitunza programu watapatikana. Vero ni mmoja.

Mama yako,
Sesilia